Kwa Nini Hatukukupigia Vigelegele

Mgeni rasmi, Daktari Pereira, uliyetoka Nakuru kabla ya jua na kupanda hadi huku kwetu Kabazi kwa barabara ambayo hata lori la pareto huinung'unikia, Bwana mwenye shamba na Memsahib, Bwana Omolo, nyapara wetu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mlioketi mkekani, hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Daktari. Neno hili tunalisema kwa sauti ya chini, na sababu utaisikia sasa hivi.

Umeshuka garini, na hukusikia kigelegele hata kimoja. Hukupigiwa makofi wala ngoma. Ulichokiona ni wanawake waliojipanga pande mbili za njia, kila mmoja akipunga shada la maua ya pareto, midomo imefungwa. Tunajua inavyoonekana. Katika miaka hii ya hali ya hatari, watu wa shambani wakimnyamazia mgeni, askari huuliza wamekasirikia nini. Hatujakasirika. Tumefurahi mpaka matumbo yanatuuma. Tangu tuambiwe kwamba ni wewe utakayefungua chumba chetu cha watoto, laini nzima, safu hizi za nyumba zetu wafanyakazi, haitulii. Kondoo amechinjwa, maziwa ya kibuyu yako tayari, na mandazi yamefichwa darini tangu jana watoto wasiyaone. Mwenzetu Wangare, ambaye kigelegele chake husikika ng'ambo ya bonde, amesimama pale nyuma akiwa amejiziba mdomo kwa leso, kwa maana hajiamini.

Furaha yote hii tumeizuia kwa ajili ya mtoto mmoja. Ni yule msichana mwenye gauni la kijani, aliyeketi peke yake karibu na kipande cha reli kinachoning'inia mtini. Anaitwa Chepngeno, na anakaribia miaka sita. Kwa ruhusa yako, risala hii itamhusu yeye zaidi kuliko itakavyotuhusu sisi.

Tuseme pia kwamba aliyeiandika ni mama yake, Jerop, katibu wetu na mwalimu wa chumba hiki. Tulimkataza kuandika "mimi", kwa kuwa mtoto huyu amekwisha kuwa wa laini nzima. Alitii. Kutii si kawaida yake.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza kwa sababu ya pareto. Maua huchumwa umande ukishakauka, na mama mwenye mtoto mgongoni hajazi kikapu. Mwenye mtoto anayetembea ndiye mwenye taabu zaidi, maana kazi yake ni kumtoa mtoto mtaroni. Tukakubaliana watoto wakae pamoja, Nanyama, mzee wetu, awapikie uji, nasi tumchumie sehemu yake. Tuliwaweka chini ya turubai, nyuma ya nyumba ya kukaushia maua.

Jerop aliolewa hapa na Kipsang, anayetunza moto wa nyumba hiyo ya kukaushia. Alikuja na sanduku moja la nguo na diploma ya chuo cha ualimu, akakuta watoto wetu wamekaa wakitazama kuni.

"Hawa mnawafundisha nini?" akauliza.

"Kunyamaza," akajibu Nanyama.

"Hilo watalijua wakizeeka. Nipeni mbegu za maharagwe, vifuniko vya chupa na kamba."

Wengine tulisema huyu msichana ana mdomo. Bado tunasema. Lakini kabla ya mvua za masika watoto walikuwa wanahesabu, wanaimba, na wananawa mikono bila kukimbizwa. Mwenye shamba alipopita akawasikia, akatupa mbao na mabati, na waume zetu wakajenga kila Jumapili baada ya ibada. Ndicho chumba hiki. Tunakipenda kuliko nyumba zetu wenyewe.

MTOTO CHEPNGENO

Chepngeno alizaliwa mzima. Alitembea mapema. Anawajua ng'ombe wote wa laini kwa majina, na akiwa ndani anaweza kukuambia ni yupi aliyelia nje. Anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi mpaka jua linamkimbia.

Lakini alikuwa akifurika. Neno hilo ni letu, na tulilipata jikoni. Maziwa yako motoni yametulia, unageuka kuchukua kijiko, ukirudi yamekwisha kumwagika. Chepngeno alikuwa hivyo. Bwana Omolo akigonga reli ya kuita watu kazini, mtoto anaanguka chini. Anapiga kisogo ardhini, anajikwaruza mashavu, hasikii jina lake, na ukimshika anazidi. Haikuwa reli peke yake. Ukimpa uji katika kikombe kingine, anafurika. Ukipitia njia nyingine kwenda mtoni, anafurika. Mvua ikipiga juu ya mabati, ndiyo siku ya kumwomba Mungu. Alifurika mpaka akachoka na kulala palepale alipoangukia, na mama yake aliketi kando yake kwenye tope akiwa na kitambaa mkononi, akingoja aruhusiwe kumfuta uso.

Kila mtu alikuwa na dawa. Nyanya yake, mama mzaa Kipsang, alisema mtoto alipewa jina la mzee asiyemtaka, na ni lazima aitwe upya. Jerop hakubishana na mama mkwe. Wazee wakaketi, wakataja majina ya waliotangulia, mtoto akapakwa ugoro puani, akapiga chafya kwenye jina la shangazi mmoja aliyesifika kwa upole, ndiyo ishara kwamba huyo amemkubali. Tukafurahi sana. Kesho yake akafurika mbele ya wazee walewale. Wengine tulisema ameombewa kidogo, na kanisa zima likamwombea mpaka likamfurisha mtoto kwa sauti ya maombi.

Wangare alisema mtoto amedekezwa. "Nipe huyo wiki moja," akamwambia Jerop, "utanishukuru."

Jerop alimpa asubuhi moja. Kabla ya chakula cha mchana Wangare alimrudisha, kilemba kimelegea na kiatu kimoja mkononi. "Chukua mtoto wako, mwalimu," akasema, akaenda kulala.

Kwa muda mrefu Jerop alijiambia kwamba ataacha akikua. Chuoni alifundishwa kwamba mtoto wa umri huo hulia akinyimwa kitu, na ukimpuuza hunyamaza. Alimpuuza. Kilio kiliongezeka. Akaona ama chuo kimekosea, ama mtoto huyu halii kwa kunyimwa. Akatukusanya kwenye mizani ya kupimia maua, vikapu vikiwa vichwani, akatuambia hivi:

"Msiniambie tena alivyolia. Masikio ninayo. Niambieni kilichotangulia."

Tukaanza kuangalia. Na tulipoangalia, Daktari, tuliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Hakuwa akifurika kwa sababu ya ubaya wa kitu. Alifurika kwa sababu kitu kimekuja ghafla.

Halafu ukaja wewe. Huenda umesahau. Ulikuja kuchoma watoto sindano ya kifaduro, na watoto wote wa laini walilia kama wanachinjwa. Tulimweka Chepngeno wa mwisho, na wanaume wawili tayari kumshika. Ukawaambia waondoke. Ukachutama, ukamwonyesha sindano, ukamwacha aitazame kadiri alivyotaka. Kisha ukamwambia, "Itauma kama siafu, halafu itaisha." Akanyoosha mkono mwenyewe. Hakulia. Ulifunga sanduku lako ukaenda zako, na nyuma yako Jerop alikaa chini kwenye majani, akacheka na kulia pamoja, na sisi tukasimama tu tukimtazama.

Mtoto alilirudia neno lile kila mahali. Akivuka mto wa baridi: kama siafu, halafu itaisha. Akivuliwa gauni: kama siafu, halafu itaisha.

MAFANIKIO YETU

Siku iliyofuata ile sindano, Jerop alimwendea nyapara.

"Bwana Omolo, nataka mwanangu awe anagonga hiyo reli."

"Mama Chepngeno, hii ni kengele ya kazi. Si njuga ya mtoto."

"Ukigonga wewe, wanawake huja wakiburuta miguu. Akigonga yeye, watakuja mbio kumwona."

"Na akigonga saa tatu, watu wakiwa bado wanakunywa chai?"

"Saa unayo wewe. Mkono anao yeye."

Bwana Omolo alicheka mpaka akavua kofia. Tangu siku hiyo hupita mlangoni pao, huinua kidole na kusema, "Bado kidogo, nyapara mdogo." Mtoto hutoka, husimama, hupewa nondo, hugonga. Kelele anayoifanya mwenyewe haimuumizi. Tunamshukuru Bwana Omolo mbele yako, ingawa wachumaji wanasema huyu nyapara mdogo ni mkali kuliko mkubwa, maana haachi kugonga mpaka mtu wa mwisho afike.

Utakapoingia chumbani, tafadhali tazama juu kabla hujaingia. Utaona tumelaza nyasi juu ya mabati. Memsahib alipoziona alidhani hatujui thamani ya mabati, au tumeyaficha yasiibiwe. Tunajua thamani yake. Lakini mvua ya huku, ikipiga bati tupu, hata mtu mzima hujisikia yuko ndani ya debe. Waume zetu walipanda wakaezeka nyasi juu ya bati, na mafundi wa mashamba mengine wakaja kutucheka. Wacheke. Mvua ikinyesha sasa, watoto wote wanaendelea kuimba, na Chepngeno hujibanza kwenye kona yake nyuma ya magunia, akaweka vidole masikioni, akangoja iishe. Ile kona tulimtengenezea yeye. Siku hizi watoto wengine huiomba.

Na watoto wenyewe wamejifunza. Utamsikia mdogo wa miaka mitatu akisema, "Chepngeno, tunatoa mkeka sasa." Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo.

SHIDA ZETU

Sasa tufike kwenye linalotuuma.

Tulipopata habari ya ujio wako, tulianza mazoezi ya kukupokea. Tulipanga mistari, tukapanga nyimbo, tukapanga nani atamshika Memsahib mkono. Siku ya mazoezi Bwana Omolo alijifanya ndiye Daktari, akashuka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa amebeba sanduku la misumari. Wangare akaachia kigelegele, nasi sote tukafuata, na watoto wakapiga makofi na madebe. Ilipendeza. Tulikuwa tumemwambia kila mtu kwenye laini kwamba siku ile kutakuwa na shangwe, isipokuwa mtoto mmoja aliyepaswa kuambiwa.

Chepngeno hakuanguka mara hii. Alikimbia. Shangwe zilipotulia hayupo. Tulimtafuta mtaroni, mtoni, kwenye pareto. Jerop hakupiga kelele kumwita, maana alijua kuitwa kwa kelele kutamfukuza mbali zaidi. Alitembea tu, akitazama chini ya kila kitu, uso umekauka kama wa mtu asiye na damu.

Baba yake ndiye aliyempata. Alikuwa amejisukuma chini ya trei za maua, ndani ya nyumba ya kukaushia, kwenye kona ya bomba la moto, mahali ambapo hata Kipsang hufika akiwa amejifunga gunia lenye maji. Huko ndiko kulikokuwa kimya. Kipsang alimvuta nje akiwa amelowa jasho, midomo imepasuka, mkono mmoja umebabuka. Hakuwa analia. Alikuwa akinong'ona ile sala yake ya siafu.

Kabla ya hapo, Kipsang ndiye aliyekataa mtoto aonyeshwe daktari. Usimlaumu, wengi tulikuwa upande wake. Kuna mtoto wa shamba la mbali alipelekwa kupimwa akili, na wazazi wake hawakuambiwa alikopelekwa baadaye. Hatujui kama habari ile ni kweli yote, lakini tuliisikia, na hofu haiulizi ushahidi. "Akishaandikwa kwamba ana kasoro," Kipsang alikuwa akisema, "hakuna mvua itakayoufuta ule wino." Nanyama naye alisema, "Mwacheni akue. Hata mimi utotoni nilikuwa napiga kelele hivyohivyo."

"Na hukuacha," Jerop akamjibu. Nanyama alicheka kuliko sisi sote.

Lakini Jerop mwenyewe alikuwa hajakata shauri. Mchana alikuwa akisema tumpeleke, na akimwona mtoto anapanga vifuniko vyake kwa utulivu, anasema hana neno, ndivyo alivyo. Na tulikuwa tumefika mbali: reli, nyasi, kona. Huenda ingetosha. Siku ile ya trei alielewa kwamba haitoshi. Tunaweza kuyatoa maziwa motoni tukiwepo. Hatuwezi kuwepo kila mahali. Januari mtoto anatakiwa aanze darasa la kwanza kule chini Subukia, penye kengele isiyotoa habari na walimu wasiomjua, na kule hakuna nyasi juu ya bati.

Jioni ile Kipsang aliketi mlangoni na mtoto amelala kifuani pake. Jerop alikuwa anaosha vyombo.

"Yule daktari wa siafu," Kipsang akasema, "ndiye anayekuja?"

"Ndiye."

"Basi mwandikie."

Ndipo risala hii ilipoanza kuandikwa.

Lilibaki jambo moja. Katika mkutano wa kikundi, wengine walitoa shauri kwamba siku ya leo Chepngeno abaki ndani na nyanya yake, ili sisi tukupokee vizuri kwa shangwe kama watu. Jerop alisimama. "Nitampa mgeni risala juu ya mtoto niliyemficha nyuma ya mlango? Kama yeye hatakuwapo, andikeni wenyewe." Akaketi. Wangare ndiye aliyejibu, na hakuna aliyetegemea jibu litoke kwake. "Kigelegele changu hakiozi," akasema. "Nitakiweka."

MAOMBI

Daktari, hatuna maombi mengi, na tutayasema waziwazi.

Tunaomba umtazame Chepngeno leo, baada ya chai, hapahapa kwetu, ukiwa umechutama kama ulivyochutama siku ile. Mtazame masikio, mtazame anavyosema na asivyosema. Muulize mama yake lolote; atakujibu, na pengine atakujibu zaidi ya ulivyouliza. Ukiona ni ugonjwa, tuambie ni ugonjwa. Ukiona ndivyo alivyoumbwa, tuambie hivyo, nasi tutaendelea kulaza nyasi. Na ukiona hujui, sema hujui. Hatutakuheshimu pungufu.

Kama kuna mtu mwingine anayejua zaidi, Nairobi au popote, tunaomba utufikishe kwake. Lakini tunaomba mtoto aende na mama yake na arudi na mama yake. Hilo ndilo alilotaka Kipsang liandikwe kwa herufi kubwa. Jerop alikataa herufi kubwa, akasema Daktari anajua kusoma. Sisi tunalisoma kwa sauti kubwa kidogo badala yake: AENDE NA MAMA YAKE, ARUDI NA MAMA YAKE.

Tena, kabla ya Januari, tunaomba neno lako kwa mwalimu mkuu wa kule Subukia. Mwambie tu kwamba mtoto huyu akiambiwa mapema, anaweza. Tukisema sisi, ni maneno ya wachuma maua. Ukisema wewe, atapewa nafasi ya kukaa karibu na mlango.

Bwana mwenye shamba, kwako tuna moja dogo: lile bomba la moto lizungushiwe wavu. Si kwa Chepngeno tu. Kipsang yuko tayari kuufunga leo ukimpa.

TUNAMALIZIA

Tunakutakia njia njema ya kuteremka, isiyo na matope. Mikono yako iliyoshika sindano isipungukiwe na nguvu, watoto wote utakaowagusa wapone, na nyumba yako isikose maziwa. Mungu akurudishie mara nyingi lile neno fupi ulilotuachia bila kujua.

Tuliahidi kueleza zilipo shangwe zako. Zipo. Tumezitunza tangu asubuhi, na kwa kweli zimekaribia kutupasua. Hatukutaka kukunyima, tulitaka zitolewe na mwenye haki ya kuzitoa. Tangu juzi tumemweleza kila kitu, hatua kwa hatua: gari litakuja, mgeni atashuka, watu watapunga maua, risala itasomwa, ni ndefu, vumilia. Ameketi pale muda wote huu bila kufurika, na mnamwona. Kilichobaki ni zamu yake, na baada ya zamu yake, yetu. Daktari, ukimwona ametia vidole masikioni, na wewe ukipenda tia vyako, maana Wangare amekwisha kuitoa leso mdomoni.

Chepngeno, tumemaliza kusoma. Chukua nondo, mama. Gonga reli, kisha ziba masikio. Kutakuwa na kelele nyingi sana za furaha. Zitauma kama siafu, halafu zitaisha.

Ni sisi,
Akina Mama wa Laini ya Juu, shamba la pareto, Kabazi, 1958.
Imesomwa na Wariara, mwenyekiti. Imeandikwa na Jerop, katibu.